Luigi Broglio: mhandisi aliyepima hewa ya juu kutoka pwani ya Malindi

Msikilizaji wetu, ukitoka Geita ukaenda moja kwa moja mashariki hadi Bahari ya Hindi, utatokea jirani na Malindi, nchini Kenya. Huko baharini yapo majukwaa ya chuma yaliyokuwa yakirusha roketi. Aliyeanzisha kazi hiyo ni Mwitaliano Luigi Broglio, ambaye leo tunayatazama maisha yake.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alisomea uhandisi Roma, akawa ofisa wa jeshi la anga la Italia, kisha profesa wa chuo kikuu mjini Roma. Alichunguza jinsi hewa inavyosukumana na ndege na roketi.

Swali lililomshughulisha ni hili: zaidi ya kilomita 200 kutoka ardhini, hewa ipo kiasi gani? Ni haba mno, lakini setilaiti ikigongana nayo siku hadi siku hupungua kasi, na mwisho huanguka. Bila kujua kiasi cha hewa hiyo, huwezi kukadiria setilaiti itadumu muda gani.

Mkulima wa mpunga anajua kwamba akipepeta, makapi yanapeperuka na punje nzito zinabaki. Kifaa cha Broglio kilifanya kazi karibu hivyo. Setilaiti yake ilikuwa na ganda jepesi nje na mwili mzito ndani, vikiunganishwa kwa springi. Hewa ilisukuma ganda, nalo likasogea kidogo. Kwa kupima kusogea huko, alijua kiasi cha hewa.

Tarehe 15 Desemba 1964, timu yake ilirusha San Marco 1 kutoka Marekani. Kisha wakaja Kenya, kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha San Marco 2 kwa roketi ya Scout ya Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Hadi mwaka 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo.

Siku hizi wahandisi wa ndege na roketi hutumia kompyuta. Hewa hugawanywa katika vipande vidogo kama majaruba, kisha kompyuta hukokotoa kiasi kinachoingia na kutoka katika kila jaruba. Lakini kompyuta haijui hewa yenyewe. Ikipewa vipimo vibovu, itatoa majibu mabovu. Ndiyo maana kazi ya watu kama Broglio haijapitwa na wakati.

Lipo pia swali ambalo Wakenya wameliuliza kwa miaka mingi: roketi ziliruka, wenyeji walibaki na nini? Sisi wa ukanda wa dhahabu tunalielewa vizuri. Jibu moja lilionekana mwaka 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya ilipoingia angani. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma alikofundisha Broglio. Miaka 51 ilikuwa imepita tangu San Marco 2.

Broglio alifariki Roma Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi sasa kinaitwa kwa jina lake.