Steinmetz: Mhandisi Aliyewapa Wenzake Lugha

Taaluma yangu ni isimu, wala si uhandisi. Hata hivyo, kila ninaposikia wahadhiri wakilalama kwamba wanafunzi wa umeme hukariri kanuni pasipo kuzielewa, humkumbuka Charles Proteus Steinmetz.

Steinmetz alizaliwa mwaka wa 1865 mjini Breslau katika ufalme wa Prussia, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Alikuwa mfupi mno, tena mwenye kibiongo. Mnamo 1888, akikaribia kuhitimu shahada ya uzamifu, ilimbidi atoroke polisi kwa sababu ya siasa zake za kisoshalisti. Alipowasili New York mwaka wa 1889, nusura arudishwe alikotoka kwa ajili ya ulemavu wake. Sahibu aliyesafiri naye ndiye aliyemtetea.

Alipata kazi katika karakana ya Rudolf Eickemeyer mjini Yonkers. Huko alikabili tatizo sugu. Umeme wa mkondo geu hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, na kila ubadilikapo, chuma kilichomo ndani ya transfoma hupata usumaku upya na kupoteza nishati kama joto. Wahandisi waliutambua upotevu huo mtambo ukiwa umekwisha kuundwa. Mwaka wa 1892, Steinmetz alitoa kanuni ya kuukadiria mapema, kwenye karatasi. Hadi leo wabunifu wa chaja za simu na vigeuzi vya umeme wa jua hutegemea mlinganyo wenye jina lake, na programu za kompyuta zinazoiga mitambo hiyo huutumia pia.

Mwaka uliofuata, katika kongamano mjini Chicago, alionyesha jinsi namba changamano zinavyoweza kurahisisha hesabu za mkondo geu. Kurasa nzima za kalkulasi ziligeuka mistari michache ya aljebra. Lakini wahandisi wengi hawakumfuata, maana hawakuwa na hisabati hiyo. Kitabu chake cha 1897 nacho kiliwashinda wengi.

Hapo ndipo ninapomstahi zaidi. Hakuwadharau waliomshindwa, bali alirudi nyuma hatua kwa hatua, akawaandikia vitabu vya misingi, kikiwemo cha hisabati ya wahandisi kilichotoka mwaka wa 1911. Kuanzia 1902, licha ya kazi yake katika kampuni ya General Electric, alifundisha katika chuo cha Union mjini Schenectady. Mwaka wa 1922 aliunda radi ya kuigiza ndani ya maabara ili kuchunguza namna ya kuzikinga nyaya za umeme. Alifariki mwaka wa 1923.

Kwa jicho la mwanaisimu, Steinmetz aliwapa wahandisi lugha. Fauka ya hayo, alitambua kwamba lugha isiyofunzwa haina wazungumzaji.

Je, sisi tunafanya hivyo? Mwanafunzi wetu huketi mbele ya kompyuta, akabonyeza vitufe, na mchoro wa mawimbi ukajitokeza. Mwulize mchoro huo una maana gani, atababaika. Mwambie amweleze nyanya yake kwa Kiswahili kwa nini chaja hupata joto, atanyamaza kabisa. Kompyuta imempa jibu, ila hakuna aliyempa maneno ya kulifasiri.

Lawama si ya mwanafunzi peke yake. Wako wasomi wanaojivunia kutoeleweka, na makala yasomwayo na wataalamu wachache huheshimiwa kuliko kitabu cha kiada au kamusi ya istilahi. Ninavyoona mimi, vyuo vyetu havina budi kuzipa kazi hizo uzito sawa na utafiti wanapopandishwa vyeo wahadhiri. Naye mwalimu wa shule ya upili asingoje vyuo: kila kanuni anayoiandika ubaoni, na amtake mwanafunzi aieleze kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuigusa kalkuleta.