Meredith na Bei ya Jasho la Mchezaji

Hapa kwetu mpakani, Busia na Malaba, mwenye gunia la mahindi huulizia bei upande wa Kenya na upande wa Uganda kabla ya kuuza, wala hapana amlaumuye. Lakini mwanakandanda aulizapo thamani ya jasho lake, huambiwa ana tamaa. Ndiyo maana napenda walimu na wanafunzi wayajue maisha ya Billy Meredith.

Alizaliwa Chirk, Wales, mwaka wa 1874, akaingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka wa 1894 alijiunga na Manchester City, akawa winga wa kulia aliyeogopwa na walinzi. Mwaka wa 1904 bao lake pekee liliipa klabu hiyo Kombe la FA dhidi ya Bolton Wanderers.

Hata hivyo, tangu 1901 kanuni zilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya paundi 4 kwa wiki, hata viwanja vikifurika. Isitoshe, klabu iliweza kumzuia asihame ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Basi klabu zikalipa kwa siri. Mwaka wa 1905 Meredith alifungiwa kwa kosa la kutaka kumhonga mchezaji wa Aston Villa. Klabu yake ilipomtupa mkono, alifichua malipo hayo, na mwaka wa 1906 wachezaji 17 wakapigwa marufuku kuichezea City tena. Simtetei kwa hongo. Lakini kanuni iliyowageuza wachezaji na wakubwa wao kuwa wasiri ilikuwa na kasoro.

Alihamia Manchester United, akatwaa ubingwa wa ligi 1908 na 1911. Desemba 1907 aliongoza mkutano wa kuunda chama cha wachezaji mjini Manchester. Mwaka wa 1909 wakuu wa soka walipowaamuru wachezaji wakihame chama hicho, wale wa United walikataa. Chama kilinusurika, kikomo cha mshahara nacho kikabaki. Meredith alicheza hadi 1924, akikaribia miaka 50. Alipofariki Aprili 1958, kikomo kilikuwa bado kipo. Kiliondolewa Januari 1961, na mwaka wa 1963, katika kesi ya George Eastham, mahakama ikauona utaratibu wa kumzuia mchezaji kuwa kinyume cha haki.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, kitenzi kimoja hunikera: twasema klabu imemnunua mchezaji, kama kwamba ni fahali wa mnadani. Kinachonunuliwa ni muda uliosalia katika mkataba wake. Muda huo ukiisha, hakuna kilichobaki cha kuuzwa. Mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameletewa karatasi ya klabu atie sahihi, na amsomeshe kwanza mambo mawili: mshahara ni kiasi gani, na mkataba unakwisha lini.