Frank Worrell: Nahodha aliyecheleweshwa na rangi yake

Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 29 Februari 1996, siku ambayo vijana wa Kenya waliilaza West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia la kriketi. Tulishangilia hasa kwa kuwa tuliowashinda walikuwa majabali wa mchezo huo. Lakini kila niwaulizapo wanafunzi ni nani aliyeweka msingi wa ujabali huo, darasa huwa kimya. Ndiyo sababu leo ningependa tumtazame marehemu Sir Frank Worrell.

Worrell alizaliwa tarehe 1 Agosti 1924 kisiwani Barbados, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Kipaji chake kilichomoza mapema. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 19 tu, alipata mikimbio 308 katika mechi moja bila kutolewa uwanjani. Mwaka 1950 alipata 261 mjini Nottingham, katika ziara ambayo West Indies ilipata ushindi wake wa kwanza wa mechi ya kimataifa nchini Uingereza.

Hata hivyo, kwa miaka mingi unahodha ulikuwa kama mali ya Wazungu. Mtu mweusi aliweza kurusha na kupiga mpira hadi jua lizame, lakini kuongoza hakukuwa fungu lake. George Headley, mweusi aliyekuwa bingwa wa zama zake, aliongoza mechi moja tu mwaka 1948. Worrell alichezea manahodha aliowazidi kwa maarifa. Hakukunja mikono. Alipokuwa akicheza kriketi ya kulipwa Uingereza, alijiunga na Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka 1959.

Mwaka 1960 mwandishi C. L. R. James wa Trinidad, aliyewahi kushirikiana na Mzee Jomo Kenyatta jijini London miaka ya 1930, alivalia njuga suala hilo gazetini. Hatimaye Worrell, aliyekuwa na umri wa miaka 36, akateuliwa kuiongoza timu katika ziara ya Australia ya 1960 na 1961. Hivyo akawa mweusi wa kwanza kukabidhiwa unahodha kwa mfululizo mzima wa mechi. Gerry Alexander, Mzungu aliyemtangulia katika wadhifa huo, alikubali kuwa naibu wake na kumtumikia kwa uaminifu.

Kazi ya kwanza ya Worrell ilikuwa kuwaunganisha wachezaji wa visiwa mbalimbali, ambao kila mmoja alizoea kuvutia kwao. Mjini Brisbane, Desemba 1960, timu hizo mbili zilimaliza siku tano kila moja ikiwa na mikimbio 737. Sare ya namna hiyo haikuwa imewahi kutokea katika mechi za kimataifa. West Indies ilishindwa katika mfululizo huo, lakini umati mkubwa ulijaa barabara za Melbourne kuiaga. Kombe linaloshindaniwa na nchi hizo lilipewa jina la nahodha huyo.

Utu wake haukuishia uwanjani. Mwaka 1962, nahodha wa India, Nari Contractor, alipopasuliwa fuvu na mpira huko Barbados, Worrell alikuwa miongoni mwa waliomtolea damu. Mwaka 1963 aliiongoza timu kuishinda Uingereza 3 kwa 1, kisha akastaafu. Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha Sir. Aliwahi kuwa seneta nchini Jamaica na mlezi wa bweni la wanafunzi katika Chuo Kikuu cha West Indies. Saratani ya damu ilimwondoa duniani tarehe 13 Machi 1967, akiwa na umri wa miaka 42. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika Westminster Abbey, London.

Kwa maoni yangu, msiba mkubwa katika maisha haya si kifo cha mapema pekee, bali pia ile miaka iliyopotea kabla ya 1960. Katika mechi 15 alizoongoza, alishinda 9. Je, angeshinda ngapi lau angeaminiwa mapema?

Sisi walimu tujiulize swali hilo tunapochagua viranja na manahodha wa timu zetu. Tukimteua mtoto kwa jina la babake au kwa lugha ya nyumbani kwao, huenda tunamwacha Worrell wetu amekaa kimya dawati la nyuma. Nanyi wanafunzi, mnaposubiri zamu yenu, someni.