Elvis Presley na Cadillac ya waridi

Elvis Presley alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 mjini Tupelo, jimbo la Mississippi, Marekani, katika nyumba ya vyumba viwili. Pacha wake, Jesse Garon, alizaliwa mfu, na mama yao Gladys akamlea aliyebaki kama mboni ya jicho. Mwaka 1948 familia ilihamia Memphis. Mwaka 1954 Elvis alikuwa dereva wa lori la kampuni ya umeme, kijana kama hawa tunaowaona wakipita Kanyabayonga kuelekea Butembo. Mwaka huohuo akarekodi kwa Sam Phillips, na jina lake likaanza kuvuma.

Fedha zilipoingia alinunua Cadillac ya waridi iliyokwisha kutumika. Juni 1955 iliteketea kwa moto barabarani huko Arkansas. Akanunua nyingine, Fleetwood mpya, iliyotoka kiwandani ikiwa ya buluu yenye paa jeusi. Jirani yake akaipaka waridi, na rangi hiyo ikaitwa Elvis Rose. Elvis akampa mama yake gari hilo, ingawa Gladys hakuwa na leseni ya udereva.

Miaka hiyo viwanda vyenyewe viliuza waridi: Dodge La Femme ya 1955 ilikuwa na Heather Rose, Cadillac ya 1956 ilikuwa na Mountain Laurel. Ndiyo maana wajuzi wa magari ya kale hawaamini macho tu. Husoma kibati chenye namba ya rangi, kisha hukwangua kidogo mahali pasipofikiwa na jua, waone kilicho chini. Kwa kipimo hicho, gari la waridi maarufu kuliko yote si la waridi kwa asili.

Gladys alifariki tarehe 14 Agosti 1958. Elvis alinunua na kugawa magari mengi, lakini hilo hakuliachia. Alifariki tarehe 16 Agosti 1977, akiwa na miaka 42, na gari bado liko Graceland, Memphis.

Je, fundi mwaminifu alirudishe kuwa buluu? Sisi wa lugha tunajua jibu. Waridi ni neno lililotoka Kiarabu, na rozi ya mitaani kwetu imetoka Kifaransa. Asili zake tunazichunguza, lakini hatuyafuti maneno hayo. Kibati kinaeleza gari lilitoka wapi. Rangi ya juu inaeleza mtoto alimpenda mama yake. Anayelifanyia utafiti aandike yote mawili.