David Davis: Jaji aliyeiweka sheria mbele ya urafiki

MJI wa Bloomington, makao makuu ya kaunti ya McLean katika jimbo la Illinois, Marekani, una chuo kikuu kilichoasisiwa mwaka 1850 na majumba kadhaa ya kale. Miongoni mwa majumba hayo ni lile la matofali ya manjano, lenye vyumba 36, lililokamilika mwaka 1872. Mwenyewe alikuwa David Davis, jaji ambaye urafiki wake na Rais Abraham Lincoln haukumzuia kuamua kesi kwa haki.

Davis alizaliwa Machi 9, 1815, katika jimbo la Maryland. Baada ya kusomea sheria alihamia Illinois mwaka 1835, na mwaka uliofuata akafungua ofisi ya uwakili Bloomington. Alimwoa Sarah Walker mwaka 1838, na ununuzi wa mashamba ukamtajirisha.

Mnamo 1848 alichaguliwa jaji. Siku hizo jaji na mawakili walisafiri pamoja kutoka mji hadi mji kusikiliza kesi, wakila meza moja na kulala katika nyumba duni za wageni. Mmoja wa mawakili hao alikuwa Lincoln. Ni katika safari hizo ambapo wawili hao, mmoja mrefu mwembamba na mwingine mnene aliyepita kilo 130, walishibana.

Chama cha Republican kilipokutana jijini Chicago mwaka 1860 kumteua mgombeaji urais, Davis ndiye aliyeongoza kampeni ya rafiki yake hadi akashinda. Mwaka 1862 Lincoln alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Wakati huo taifa lilikuwa limetumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali ya Lincoln ikawa inawashtaki baadhi ya raia mbele ya majopo ya kijeshi. Raia mmoja wa Indiana, Lambdin Milligan, alikamatwa mwaka 1864 na kuhukumiwa kunyongwa, ilhali mahakama za kiraia katika jimbo hilo zilikuwa zikiendelea na kazi.

Kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1866, Lincoln alikuwa ameuawa, na Davis ndiye aliyekuwa msimamizi wa mali ya marehemu. Hata hivyo, majaji wote tisa waliamua kwamba Milligan aachiliwe, na Davis akaandika uamuzi wa walio wengi. Alisisitiza kuwa raia hawezi kushtakiwa na jeshi mahali ambapo mahakama za kawaida ziko wazi, na kwamba katiba huwafunga watawala wakati wa vita kama wakati wa amani. Uamuzi huo ulilaumiwa vikali na wengi wa chama kilichomwinua.

Mtihani mwingine ulitokea baada ya uchaguzi wa urais wa 1876 uliozua utata kati ya Rutherford Hayes na Samuel Tilden. Tume ya watu 15 iliundwa, na ilitarajiwa kwamba Davis, asiyeegemea chama chochote, angeshikilia kura ya kuamua. Lakini Januari 1877 bunge la Illinois lilimchagua kuwa seneta, naye akakataa kuketi katika tume hiyo. Nafasi yake ilichukuliwa na Jaji Joseph Bradley, na Hayes akapata ushindi kwa kura nane dhidi ya saba.

Davis aliongoza Seneti kuanzia 1881 hadi 1883, kisha akarejea nyumbani. Alifariki Juni 26, 1886, mjini Bloomington, akazikwa huko huko. Jumba lake sasa ni makumbusho, lakini urithi wake mkubwa zaidi ni uamuzi wa 1866, ambao mawakili wa Marekani wangali wanaurejelea kila serikali inapotaka kuwapeleka raia mbele ya jeshi.