Jean De Clerck: Mtaalamu aliyeijua siri ya chachu

Mama anayetengeneza pombe ya mtama Shinyanga, au anayewauzia wachimbaji wadogo wa Geita, anaijua hasara hii. Wiki hii pombe ni nzuri na wateja wanajaa. Wiki ijayo, kwa mtama uleule na maji yaleyale, inatoka chungu kama siki na kubaki kwenye pipa. Mtaji umekwenda.

Mmoja wa watu walioshughulikia tatizo la namna hiyo ni Jean De Clerck wa Ubelgiji. Alizaliwa mwaka 1902, akawa profesa wa utengenezaji wa bia katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven. Kitabu chake kikubwa cha fani hiyo, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1948, kilitafsiriwa baadaye kwa Kiingereza.

De Clerck hakuishia darasani. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliwasaidia watawa wa abasia ya Scourmont, watengenezaji wa bia ya Chimay, kufufua kiwanda chao. Mwaka 1948 Padri Théodore wa abasia hiyo alifanikiwa kuitenga chachu moja safi, na ladha ya bia yao ikajengwa juu yake.

Kiwanda cha familia ya Moortgat, kilichoanzishwa mwaka 1871 huko Breendonk, nacho kilimwita. Chachu yao ilitoka Uskoti. De Clerck alipoichunguza bia ya Kiskoti aliona kwamba ndani ya chupa moja mlikuwa na chachu za aina nyingi. Alisaidia pia bia yao, Duvel, iliyokuwa nyeusi, kuwa ya rangi ya dhahabu mwaka 1970. Ina kileo cha asilimia 8.5, na huchacha mara ya pili ndani ya chupa.

Bia kali ya namna hiyo hupimwa kwa utaratibu. Kwanza macho: iwe na rangi ya dhahabu hafifu na povu jeupe, zito, lisilokwisha upesi. Kisha pua: inukie matunda kidogo. Harufu ya siagi au ya mahindi yaliyochemshwa ni dosari. Mwisho ulimi: utamu kiasi, uchungu wa hopsi, kisha mdomo ubaki mkavu. Ukali wa kileo usikike kama joto kifuani, usiunguze koo. Anayepima huonja kidogo, wala bia haiwi baridi sana, kwa sababu baridi huficha kasoro.

De Clerck alifariki mwaka 1978 na kuzikwa Scourmont, katika abasia aliyoisaidia.

Ndugu mjasiriamali, pombe ya mtama si Duvel, lakini chachu ni kiumbe hai kotekote. Hula sukari ya kimea na kutoa kileo. Chombo kichafu huingiza vijidudu vinavyoleta uchachu. Kwa hiyo osha pipa kwa maji ya moto. Pombe ikitoka nzuri, hifadhi mashapo yake katika chombo safi chenye kifuniko uanzie nayo safari ijayo. Andika siku na vipimo. Na kabla ya kufungua kilabu, tazama, nusa, onja. Kasoro uione wewe kwanza, kabla ya mteja.