Thomas Young: Mwanalugha Aliyeifumbua Nuru

Mvua inyeshapo Nunguni, katika vilima vya Kilungu, mafuta yaliyovuja magarini huelea juu ya vidimbwi na kumetameta rangi za upinde wa mvua. Walimu na wanafunzi huzipita rangi hizo bila kumkumbuka aliyetueleza asili yake, Thomas Young.

Young alizaliwa Milverton, Uingereza, mwaka 1773, akasomea utabibu. Tangu utotoni alipenda lugha. Mwaka 1801 alieleza kwamba nuru husafiri kwa mawimbi: kilele kikikutana na kilele, mwanga huzidi, kilele kikikutana na bonde, hubatilishana, na giza likazaliwa. Mwaka 1803 aliugawanya mwale mwembamba wa jua kwa kipande cha kadi, ikatokea mistari ya mwanga na giza. Alipoziba upande mmoja, mistari ilitoweka.

Kwa kuwa Newton alikuwa ameshikilia kwamba nuru ni chembe, Henry Brougham alimkejeli Young vikali katika jarida la Edinburgh Review. Young alichapisha kijitabu cha kujitetea. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba iliuzwa nakala moja tu. Miaka ilipita kabla ya Fresnel wa Ufaransa kulithibitisha wazo hilo.

Sisi wanaisimu tunamdai shukrani pia. Mwaka 1813 ndiye aliyelibuni jina la lugha za Kihindi-Kiulaya. Mwaka uliofuata alianza kuyachunguza maandishi ya Misri katika jiwe la Rosetta, akalitambua humo jina la mfalme Ptolemaio, kabla ya Champollion kuikamilisha kazi hiyo. Alifariki mwaka 1829.

Wazo lake lingali hai. Fizikia ya kwantamu inatufunza kwamba atomu yenye njia mbili za kufyonza nuru yaweza kukosa kuifyonza, njia hizo zikibatilishana. Mwaka 1991, huko Stanford, mvuke wa strontiamu uliokuwa ukiizuia nuru uliiachilia ipite, ulipomulikwa kwa leza ya pili.

Ndiyo maana nasikitika nisikiapo, Nunguni na kwingineko, mtoto hodari wa lugha akiambiwa kwamba sayansi si fungu lake. Jicho lililoilinganisha mistari ya nuru ndilo lililozilinganisha alama za jiweni. Walimu wenzangu, tusilizibe upande mmoja.